Dawa na Uganga katika Njia ya Misafara ya Unyamwezi, tangu Zamani hata Siku Hizi

Katika miaka hii watu wa nchi yetu wanazidi kuziendea dawa za miti. Mjini Tabora, kama katika miji mingine, yako maduka yenye vibao vya tiba asili na tiba mbadala. Wauza mizizi na magome hukaa sokoni na penye stendi za mabasi. Redioni husikika sifa za dawa za unga na za chupa. Wala wanunuzi si wazee wasiojua kusoma tu. Wamo walimu, makarani na askari, na wengi wao ni watu wa kanisani na msikitini. Basi walimu na mapadre huulizana: watu waliojengewa hospitali na zahanati, kwa nini wanarudi kwenye mizizi?

Sisi twaona kwamba neno hili "kurudi" halifai. Anayeijua khabari ya njia ya misafara ataona kwamba watu wa Unyamwezi hawakupata kuacha dawa moja ili kushika nyingine. Tangu zamani walipokea kila dawa iliyopita njiani, wakaijaribu, wakaiweka pamoja na ile waliyokuwa nayo. Katika makala hii tutaeleza kwanza maneno, kisha khabari za njia, kisha mambo ya siku hizi, na mwisho jambo moja ambalo mwalimu na padre hawawezi kulinyamazia.

1. Maneno na maana zake

Neno mganga ni la kale sana. Shina lake huonekana katika lugha nyingi za Kibantu, tangu pwani yetu hata Kongo, ambako mganga huitwa nganga. Lakini dawa, tiba na tabibu ni maneno ya Kiarabu yaliyokuja na wafanya biashara. Daktari na hospitali yalitoka Ulaya. Hivyo katika kinywa cha mgonjwa mmoja wa Tabora mna tabaka tatu za maneno, kama zilivyo tabaka za udongo penye ukingo wa mto.

Wanyamwezi humwita mganga mfumu, na dawa huiita bugota. Adui wa mfumu ni mlogi, ambaye Waswahili humwita mchawi. Mfumu na mlogi hawakuwa mtu mmoja katika mawazo ya wazee: huyu aliitwa kwa sababu ya madhara ya yule. Lakini wageni wengi waliwachanganya, wakawapa jina moja la dharau, na mchanganyiko huo uliingia hata katika mawazo ya watu waliosoma. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilipotungwa, watu wengi waliidhani kuwa ni sheria ya kupiga marufuku kila mwenye kuchimba mizizi, wala sivyo.

Serikali yenyewe haikulitupa neno mganga. Daktari mkuu wa nchi aliitwa Mganga Mkuu wa Serikali, na wa mkoa Mganga Mkuu wa Mkoa, ijapokuwa hajapata kuchimba mzizi hata mmoja. Ndipo ikabidi kuongeza maneno ili kutofautisha: mganga wa kienyeji, mganga wa jadi, mganga wa tiba asili. Hilo la "kienyeji" sasa wengi huliepuka, kwa kuwa limeingiwa na dharau.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 imetenga mambo mawili. Tiba asili ni ile ya wazee wa nchi. Tiba mbadala ni ile ya namna nyingine isiyo ya hospitali, kama vile uganga wa Kichina wa kuchoma sindano mwilini. Mbadala hutokana na badala, yaani kitu kishikacho mahali pa kingine. Lakini tukiitazama desturi ya watu, neno hili halilingani nayo. Mama ampelekaye mtoto kwa mfumu asubuhi na zahanati jioni haoni kwamba moja ni badala ya nyingine. Kwake yeye zote ni njia za kumtafutia mwanawe uzima.

Liko na neno chanjo. Tangu kale waganga walichanja chale kwa wembe, wakapaka dawa katika damu. Katika Unyamwezi na Usukuma walijulikana sana Bayeye, chama cha washika nyoka, ambao huchanjana dawa ili sumu ya nyoka isiwaue. Basi walipokuja watu wa serikali na dawa ya kuzuia ndui, wakikwaruza ngozi ya mkono na kuitia dawa, halikutafutwa neno jipya. Watu walikwisha kuwa nalo, na pamoja na neno walikwisha kuwa na wazo lake, kwamba dawa iingiayo damuni hukinga kabla ya hatari kufika. Hapa mwalimu aweza kuona jinsi lugha inavyoweza kumfungulia mlango mgeni ambaye hakuutengeneza yeye.

2. Dawa na maradhi katika njia ya misafara

Njia kuu ilianza Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe penye Tabora, ikaendelea hata Ujiji penye Ziwa Tanganyika. Urefu wake wapata kilometa 1,200. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na kijana asiyepata kufika pwani hakuhesabiwa kuwa mwanamume kamili. Msafara haukuondoka bila dawa. Mganga alitazamia siku ya kuondoka, mara nyingi kwa kupasua kifaranga cha kuku na kukagua matumbo yake. Kirangozi aliyetangulia mbele alivaa hirizi. Na mke wa mpagazi nyumbani alishika miiko ili mumewe asidhurike.

Njiani waganga walikutana na waganga. Watu wa pwani walileta kombe, yaani maandiko ya Kurani yaoshwayo katika maji na kunywewa, na hirizi za ngozi, na elimu ya falaki. Kutoka magharibi na kaskazini, katika nchi za maziwa makuu, uliingia uganga wa Buswezi, wenye mizimu impandayo mtu na ngoma zake. Miti nayo ilisafiri. Mwarobaini, ambao watu huusifu kuwa waponya maradhi 40, asili yake ni bara Hindi, mlonge vilevile. Leo tunaviita dawa za asili, na ni kweli kwamba vimekuwa vya kwetu, lakini vilikuja kama ulivyokuja mwembe ambao kivuli chake kingali kikionekana katika njia ya Tabora na Ujiji.

Burton na Speke waliondoka pwani mwisho wa Juni 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba. Burton alikuwa mgonjwa sana. Mwarabu aliyewapokea, Snay bin Amir, alimtunza kwa wema, na pamoja na matunzo yake akamwitia mganga wa nchi, mwanamke mzee, naye akadai ujira wake kwanza ndipo amtibu. Tunaomba wasomaji waitafakari nyumba hiyo. Mzungu alikuwa na sanduku lake la dawa. Mwarabu alikuwa na vitabu na sala zake. Bibi wa Kinyamwezi alikuwa na vibuyu vyake. Wala hakuna aliyemfukuza mwenzake.

Tena njia hiyo hiyo iliyoleta dawa ilileta maradhi. Ndui ilifuata misafara, ikawaua wapagazi wakaachwa kando ya njia. Kipindupindu kilikwenda na watu. Funza, ambaye vijana hudhani amekuwako tangu kuumbwa kwa nchi, aliletwa na merikebu kutoka Brazil hata pwani ya Angola mwaka 1872. Akavuka Kongo miguuni mwa watu, na katika miaka ya 1890 akafika maziwa yetu na pwani ya mashariki. Wazee wa wakati ule walikatika vidole vya miguu kabla ya kujifunza kumtoa kwa mwiba au sindano.

3. Dawa za Ulaya zilivyoingia

Wazungu wa kwanza hawakuwa na nguvu mbele ya homa. Livingstone alitengeneza vidonge vyake mwenyewe, vya kwinini, zebaki na mizizi ya kuharisha. Na mwaka 1867, sanduku lake la dawa lilipopotea kwa kutoroka kwa wachukuzi, alijiona kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa kufa. Mwaka 1872 alikaa Kwihara, karibu na Tabora, tangu Februari hata Agosti. Mwaka uliofuata maiti yake ilipita Unyanyembe ikichukuliwa na Susi na Chuma na wenzao. Hapo walimkuta Cameron na wenzake, nao wote wamedhoofika kwa homa. Mmoja wao, Dillon, aliyekuwa tabibu, alijiua mwezi wa Novemba 1873 akili zake zilipopotea kwa ugonjwa. Basi watu wa Tabora walimwona daktari wa Ulaya akishindwa na maradhi ya nchi yao, wakasema bila shaka mithali yao: mganga hajigangi.

Mwaka 1879 tabibu wa misioni, Dr. Ebenezer Southon, alifika Urambo kwa Mtemi Mirambo, akatibu watu huko na kupendwa. Akafa mwaka 1882 kwa jeraha la risasi iliyompata kwa ajali. Miaka 10 baada ya kufika kwake, yaani 1889, alifika Karema, penye Ziwa Tanganyika, mtu ambaye walimu wa Kiafrika hawana budi kumkumbuka, Adrien Atiman. Kwao ni karibu na Timbuktu. Alitekwa utotoni akauzwa, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa uganga katika kisiwa cha Malta. Alitibu watu Karema hata kufa kwake mwaka 1956, akiwa katekista na tabibu pamoja. Kwa muda wa miaka zaidi ya 60 watu wa huko walipotaja daktari walimtaja Mwafrika.

Lakini kilichowavuta watu kwa wingi ni sindano ya buba. Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza ilianza kutibu buba kwa sindano, na vidonda vilivyomkaa mtu miaka vilikauka kwa siku chache. Watu walitembea mwendo wa siku nyingi kuifuata. Hakuna aliyewahubiria kuacha ya kale; walikiona kidonda kimekauka, basi. Hili latupasa tuliweke moyoni: watu hawa huhukumu dawa kwa macho yao. Wanapoona imeponya huifuata, iwe ya Mzungu au ya mfumu.

Na hiyo kwinini iliyowaokoa Wazungu ni nini, ila gome la mti, dawa ya wenyeji wa Amerika ya Kusini? Wajerumani waliupanda mti wake Amani, katika Usambara, na wakati wa vita vya 1914 hata 1918 walipokosa dawa ya kutoka kwao walichemsha magome yake wakawanywesha askari. Hata dawa ya mseto itolewayo leo katika zahanati kwa ajili ya malaria sehemu yake moja hutokana na jani la pakanga ya Kichina. Bibi Tu Youyou, aliyeipata, alitunzwa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Alianzia katika vitabu vya kale vya waganga wa kwao. Lakini hakuishia hapo: aliitenga nguvu ya jani, akaipima, akajua kiasi kinachoponya na kiasi kinachodhuru.

4. Mambo ya siku hizi

Baada ya uhuru serikali haikuzipuuza dawa za miti. Mwaka 1974 kilianzishwa chuoni Muhimbili kitengo cha kuzichungua, ambacho mwaka 1991 kilikuwa Taasisi ya Dawa Asili. Mwaka 1978, katika mkutano wa Alma-Ata, mataifa yalikubali kwamba waganga wa jadi waweza kusaidia katika afya ya vijijini. Katika miaka ya 1990 huko Tanga madaktari wa Hospitali ya Bombo na waganga wa miti walianza kufanya kazi pamoja kwa ajili ya wagonjwa wa UKIMWI. Kisha ikaja ile sheria ya 2002, na Baraza la kuwaandikisha waganga.

Sababu za watu kuzidi kuziendea dawa hizi si moja. Ya kwanza ni gharama: tangu 1993 watu walianza kuchangia fedha hospitalini, na mfumu hupokea hata kuku, au hungoja mavuno. Ya pili, maradhi yamebadilika. Kisukari na shinikizo la damu haviponi kama buba. Daktari humwambia mgonjwa atameza vidonge maisha yake yote, naye moyo wake wakataa. Anaposikia dukani kwamba iko chupa iponyayo kabisa, hununua. Ya tatu, daktari mwenye foleni ndefu hana nafasi ya kuongea. Mfumu hukaa na mgonjwa, huuliza khabari za ukoo wake, na hujibu swali ambalo hospitali haina jibu lake: kwa nini mimi, wala si jirani yangu?

Nguvu ya mambo hayo ilionekana mwaka 2011. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, aliwanywesha watu kikombe cha maji ya mzizi kwa shilingi 500, akisema ameoteshwa na Mungu. Magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi. Watu walitoka kila mkoa na nchi jirani, wakubwa kwa wadogo, na wengine walifia njiani. Vikombe vingine viliibuka mahali pengi, Tabora pia. Waliokuwa na virusi vya UKIMWI na kuacha dawa zao wakidhani wamepona, ugonjwa uliwarudia. Mchungaji huyo alifariki mwaka 2021. Na mwaka huo na ule uliotangulia tuliona tena watu wakijifukiza kwa nyungu ili kuzuia korona, hata Maaskofu Katoliki mwezi wa Januari 2021 wakawakumbusha waamini kujihadhari, na chanjo ikaanza kutolewa nchini mwezi wa Julai.

5. Jambo lisiloweza kunyamaziwa

Basi tuseme nini kwa watu wetu? Wako wanaosema, "Yote ni ushenzi." Na wako wanaosema, "Yote ni hekima ya wazee." Wote wawili wanatupa pamoja vitu ambavyo mfumu mwenyewe huvitenga. Kazi ya mfumu ni mbili: kutibu kwa miti, na kuagua, yaani kutafuta kwa ramli au kwa kuku ni nani au ni nini kilicholeta ugonjwa.

Katika kutibu kwa miti imo elimu kweli. Imo pia hatari, kwa sababu mzizi hauna kipimo: uponyao leo kwa kijiko waweza kuua kesho kwa kikombe, na dawa ya kienyeji ikinywewa pamoja na ya hospitali zaweza kugombana tumboni. Dawa yake ni kupima, kama alivyofanya Bibi Tu Youyou. Hapa hatuna ugomvi na mfumu.

Katika kuagua mna damu. Kwa miaka mingi vikongwe wa Unyamwezi na Usukuma wameuawa kwa mapanga kwa sababu mpiga ramli aliwataja. Na ushahidi wao ulikuwa macho mekundu, ambayo moshi wa jikoni waweza kuyaleta kwa mpishi yeyote. Tangu 2007 ilijulikana kwamba watu wenye ualbino wanauawa ili viungo vyao vifanywe dawa ya utajiri. Mwezi wa Januari 2009 serikali iliwafutia waganga leseni zao, na mwaka 2015 ikapiga tena marufuku wapiga ramli, na Tabora ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyotajwa kwa maovu haya. Tukikemea mizizi na ramli kwa sauti moja, mwenye mizizi atajificha pamoja na mwenye ramli, nasi tutakuwa tumempa muuaji maficho.

Tena liko jambo la degedege. Mtoto mwenye malaria kali hushikwa na mtukutiko, macho yakageuka. Wengi huamini kwamba degedege si ya hospitali, na kwamba mtoto akichomwa sindano atakufa. Imani hii haikutokea bure: watoto wengi walifikishwa hospitalini wakiwa wamekwisha kuchelewa, wakafa baada ya sindano, na watu, kwa desturi yao ya kuhukumu kwa macho, wakaishitaki sindano. Padre akimgombeza mama huyo, atamsikiliza kwa heshima na kwenda kwa mfumu usiku. Lakini akimwonyesha mtoto wa jirani aliyewahishwa akapona, huyo ni shahidi wa namna ile ile iliyowafanya babu zake waifuate sindano ya buba. Na mfumu aliyefanywa rafiki aweza kuwa wa kwanza kusema, "Huyu mpelekeni zahanati sasa hivi." Neno lake usiku ule lina nguvu kuliko la mwalimu.

Kwa hiyo twawasihi wenzetu mambo matatu. Kwanza, wawajue wafumu wa vijiji vyao kwa majina na kwa kazi, nani ni wa miti na nani ni wa ramli. Pili, katika mafundisho watenge mambo haya mawili waziwazi, ili mtu aliyekunywa maji ya mwarobaini asijione amemkana Mungu, na aliyemtaja jirani yake kuwa mchawi asijione amekunywa dawa tu. Tatu, wakusanye majina ya miti. Misitu ya miombo inakatwa kwa mashamba, kwa mkaa na kwa kukaushia tumbaku, na vijana wa Urambo na Sikonge wanaoutambua mnembwa au mlundalunda kwa jani lake wanazidi kupungua. Kila mwalimu aliye na wanafunzi 40 anao wazee 80 au zaidi wa kuwauliza. Aandike jina la mti kwa Kinyamwezi, mahali uotapo, sehemu itumikayo na ugonjwa utajwao, wala asiongeze lake. Na mti mmoja ukiwa na majina mawili, ayaandike yote mawili, pamoja na kijiji cha kila aliyeyataja.